Paka Asiyebisha Hodi: Shajara ya Mradi

Siku ya 1, jioni

Nimerudi kazini nikamkuta kalala juu ya kiatu changu nje ya mlango wa nyuma. Si kando ya kiatu, juu yake, kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mzima. Paka wa rangi tatu: tumbo jeupe, mgongoni mabaka meusi na ya rangi ya chungwa. Mbavu zinahesabika. Aliponiona hakukimbia. Alisogea hatua tatu, akakaa, akanitazama.

Naanza kuandika leo kwa sababu nyumbani tumeshagawanyika kambi mbili. Mwenzangu anasema tumlishe. Mimi nasema tukimlisha keshakuwa wetu. Tumekubaliana jambo moja tu, kwamba kwanza tujue ni wa nani.

Nilipotoka kuoga nikakuta kawekewa kisahani cha maziwa. Kambi yangu imeshindwa mapema.

Siku ya 2

Kaharisha usiku kucha kando ya ndoo. Ni yale maziwa. Mtoto wa paka anacho kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, lakini akishaachishwa kunyonya hupungua, na kwa paka wengi wakubwa hakibaki cha kutosha. Sukari isiyovunjwa huvuta maji tumboni, na paka aliyekonda anapoteza maji aliyokuwa anayahitaji kuliko kitu kingine. Kwa hiyo leo ni maji safi, na kuku wa kuchemsha asiye na chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu. Vitunguu vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Tunampa kidogo kidogo mara nne kwa siku, maana mwili uliozoea njaa hauhimili shibe ya ghafla.

Nimekaa kwenye ngazi saa nzima nikimtazama. Niliyoyaona:

Mkia anausimamisha wima akija, ncha imepinda kidogo. Hiyo ni salamu ya paka. Paka asiyezoea watu kabisa hutembea amejikunyata, mkia chini, hakutazami usoni, na mchana humwoni. Huyu ananijibu nikimwita. Ameshawahi kuishi na watu, au bado anaishi nao.

Masikio yote mawili ni mazima. Niliyakagua kwa sababu katika miji mingi duniani paka wa mtaani hukamatwa, wakahasiwa au kufungwa kizazi, kisha wakarudishwa walikotolewa. Wakiwa bado kwenye usingizi wa dawa hukatwa ncha ya sikio moja, mara nyingi la kushoto, kwa mstari mnyoofu, ili mtu asije akamkamata tena bure. Ukiona sikio la namna hiyo, ujue kuna aliyekutangulia. Huyu hana alama.

Nilimpepesea macho polepole, akanipepesea na yeye. Mwenzangu alinicheka hadi nikamwambia kwamba mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliipima tabia hii na kukuta kwamba paka humsogelea kwa urahisi zaidi mgeni aliyempepesea macho hivyo kuliko aliyemkazia uso. Sasa wote wawili tunapepesa macho mlangoni kama wagonjwa.

Jina la muda: Mgeni.

Siku ya 3

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu nimempa karatasi.

Nilikata utepe wa karatasi nyepesi, upana wa vidole viwili, nikaandika: "Huyu paka ni wenu? Tafadhali piga," na namba ya simu. Nikauzungusha shingoni wakati anakula na kuufunga kwa kipande kidogo cha gundi ya karatasi, nafasi ya vidole viwili kati ya karatasi na shingo. Hapa usitumie kamba wala uzi. Paka akinasa kwenye tawi, karatasi lazima ichanike yenyewe, ama sivyo umemtengenezea kitanzi.

Nimepiga pia picha na kuzisambaza kwa majirani. Katika picha hakuna mguu wa nyuma wa kushoto, na nimefanya hivyo makusudi. Una alama ambayo mwenyewe tu ataijua. Atakayekuja kumdai nitamuuliza kwanza kuhusu mguu huo.

Kwa nini nahangaika na nyumba za karibu tu? Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wa paka zaidi ya 1,000 waliopotea, ulikuta kwamba robo tatu ya waliopatikana walikuwa ndani ya mita 500 kutoka walipotokea. Paka aliyepotea mara nyingi hajaenda mbali, na mwenye paka huenda anamtafuta mtaa wa tatu huku paka yuko nyuma ya ukuta wake. Kwa hiyo nimegonga milango.

Mzee wa nyumba ya nyuma nilimkuta barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hilo nalijua. Paka shume hilo, dume la mtaani. Lifukuze litaondoka lenyewe."

Sikumbishia, ila dume wa rangi tatu ni adimu mno. Rangi ya chungwa ya paka hubebwa na kromosomu ya X. Ili mwili mmoja uwe na mabaka meusi pamoja na ya chungwa, kwa kawaida zinahitajika X mbili, nazo ni za jike. Dume wa namna hiyo huwa na X ya ziada, na kwa kawaida hazai. Nimeandika hapa ili nikirudi kwa mzee niwe na ushahidi.

Siku ya 4

Karudi bila karatasi. Huenda imechanika, huenda kuna aliyeivua. Simu haikulia. Nimeweka nyingine.

Anakula kwa pupa ya ajabu, kisha anaondoka papo hapo, daima upande uleule, kuelekea ukutani. Niliandika sentensi hii bila kuitafakari. Nilipaswa.

Siku ya 5

Jibu limekuja! Si kwa simu. Karatasi ileile, nyuma yake mwandiko wa kalamu: "Anakula na kwetu pia. Si wetu. Sisi tunamwita Bosi."

Kwa hiyo ana majina mawili na meza mbili. Mmoja wa wanaomlisha angedhani ameokoa paka mwenye njaa, na mwingine pia. Nimeenda kuwaona, nyumba ya tatu upande wa juu. Wamemlisha wiki tatu, hawajui alikotoka. Tumekubaliana wao wampe asubuhi, mimi jioni, na nimpeleke kwa daktari wa mifugo akapimwe kama ana chipu, ile punje yenye namba inayowekwa chini ya ngozi ili mwenye paka ajulikane.

Hali ya mradi: mwenye paka hajapatikana. Kinachofuata: kesho kizimba cha kubebea.

Siku ya 6

Siku mbaya, na kosa ni langu.

Njia sahihi niliijua. Kizimba huachwa wazi siku kadhaa, chakula huwekwa mlangoni, kisha ndani kidogo, kisha mwisho kabisa, hadi paka alale humo kwa hiari. Mimi nilikuwa na miadi saa nne. Nikamshika ubavuni na ngozi ya shingo, nikamsukuma ndani. Aligeuka ndani ya ngozi yake mwenyewe (sijui waifanyaje) na kunitia meno kwenye kiganja, chini ya kidole gumba. Matundu mawili madogo, damu kidogo.

Yanadanganya hayo matundu. Jino la paka ni kama sindano: linapitisha bakteria chini kabisa na ngozi inajifunga juu yake. Mkono unaweza kuvimba na kuwa mwekundu kabla siku haijaisha. Na juu ya hayo kuna kichaa cha mbwa, ambacho licha ya jina lake paka nao huambukiza kwa mate. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Kabla hazijajitokeza, chanjo huuzuia. Yote ni suala la muda.

Kwa hiyo niliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kwa saa ukutani. Dakika 15 ni ndefu. Utataka kuacha ukifika ya nne. Kisha hospitali. Nilipewa chanjo ya kwanza siku hiyohiyo, na kwa kuwa damu ilitoka, nikadungwa pia kingamwili iliyo tayari kuzunguka jeraha lenyewe, maana chanjo huchukua siku kadhaa kabla mwili haujajitengenezea kinga. Nikapata na sindano ya pepopunda na vidonge vya antibiotiki.

Daktari aliniuliza: "Huyo paka yuko wapi?"

Paka aliyeng'ata huangaliwa siku kumi. Kama virusi vilikuwa kwenye mate yake siku ya kung'ata, ndani ya siku hizo ataumwa au atakufa. Akibaki mzima, hofu imeondoka. Lakini lazima awe mahali anapoonekana, na Mgeni ni paka wa meza mbili na ukuta mmoja. Jioni alipokuja kula nilifunga mlango wa stoo nyuma yake. Maji, chakula, sanduku la mchanga, boksi la kujificha. Sikumgusa.

Usiku wa kuamkia siku ya 7

Analia. Si kile kilio cha kuomba chakula. Sauti nzito, ndefu, na anakwaruza mlango. Saa nane nilimchungulia dirishani kwa tochi. Kasimama kwa miguu ya nyuma, mikono juu ya kitasa, tumbo lote linaonekana.

Chuchu zimevimba, nyekundu, na manyoya yaliyozizunguka yamelambwa yakaisha.

Kumbe ndiyo ile pupa, ndiyo ule ukuta. Ana watoto, na mimi nimemfungia tangu jioni.

Hapa niliganda kweli. Nikimwachia, nampoteza paka anayepaswa kuangaliwa siku kumi. Nisipomwachia, watoto watakufa, maana wadogo hawawezi hata kujipasha joto wenyewe. Mwenzangu ndiye aliyefungua mlango. "Mfuate," akasema.

Alipita juu ya ukuta, mimi nikazunguka na tochi. Akaingia kwenye banda la mbao la mzee, yule wa paka dume.

Siku ya 7

"Mzee, lile dume lako limezaa."

Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akanisaidia kuondoa mbao.

Watatu. Macho yamefunguka juzijuzi, ya buluu yenye ukungu, masikio bado yamelala. Macho ya mtoto wa paka hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14, wengi karibu na ya 10, kwa hiyo nawakadiria siku kumi. Maana yake Mgeni alipolala juu ya kiatu changu alikuwa ametoka kujifungua siku nne tu.

Ukikuta watoto wa paka peke yao, usiwabebe. Mama anaweza kuondoka saa kadhaa kutafuta chakula, na anayewachukua "kuwaokoa" amewafanya yatima. Jitenge mbali umsubiri. Sisi mama tulikuwa naye, na sababu ya kuwahamisha tulikuwa nayo. Niliwaweka watoto kwenye kizimba pamoja na kitambaa walicholalia, chenye harufu yake, nikakiacha wazi na kukaa kimya. Dakika ishirini hivi akaingia mwenyewe, akajilaza, wakaanza kunyonya. Nikafunga mlango taratibu. Hicho kizimba kilichonigharimu mkono jana, leo kaingia kwa miguu yake.

Uzito kwa mizani ya jikoni: gramu 212, 205 na 171. Huyo wa tatu ananitia wasiwasi. Mtoto wa paka huzaliwa na gramu kama 100 na huongeza 10 hadi 15 kwa siku. Asiyeongezeka, ndiyo dalili ya kwanza, kabla hujaona ugonjwa wowote.

Siku ya 9

Chanjo yangu ya pili. Mkono umevimba kidogo tu. Mama anakula, ananyonyesha, macho maangavu. Uzito: 236, 231, 190.

Mdogo wangu wa kike, mjamzito, alikuja akasimamia mlangoni kwa hofu ya toksoplazma, ugonjwa wa vijidudu vya paka unaoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Hofu yake ina msingi lakini haihusu kumtazama paka. Vijidudu hutoka kwenye choo cha paka, na huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Choo kikisafishwa kila siku, na anayekisafisha asiwe yeye, hatari inakuwa ndogo sana. Nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa zinastahili hofu ileile. Alikaa chai mbili.

Siku ya 13

Chanjo ya tatu. Viroboto nimewaona kwa watoto. Nina chupa ya matone ya viroboto ya mbwa iliyobaki tangu zamani, na nimeitupa kabla mkono haujashawishika: nyingi za dawa hizo zina permethrini, ambayo mbwa huistahimili lakini paka hutetemeka, hudegedeka, na anaweza kufa. Nikakumbuka na paracetamol. Kidonge kimoja kinaweza kumuua paka. Stoo imesafishwa, hakuna dawa ya mtu wala ya mbwa humo. Watoto nawachana kwa kitana chenye meno ya karibu na kuwatumbukiza viroboto kwenye maji ya sabuni. Kazi ya kipuuzi na ya kuridhisha.

Siku ya 16

Siku kumi zimetimia. Mgeni kalala chali watoto watatu wamemvamia. Nilimpigia daktari wangu, akasema tusimamishe chanjo zilizobaki. Ni uamuzi wake, alijua jeraha na alijua paka; mtu asijiamulie kwa kusoma haya.

Siku ya 18

Kwa daktari wa mifugo hatimaye, wote wanne katika kizimba kimoja.

Chipu: hakuna. Alipitisha kisomeo katikati ya mabega, kisha shingoni, kisha hadi kwenye mbavu, maana chipu wakati mwingine huhama. Wengi hudhani kitu hiki huonyesha paka alipo. Ni punje ya ukubwa wa mchele isiyo na betri. Kisomeo kikiikaribia, inajibu namba ya tarakimu 15. Namba hiyo ina faida tu kama mwenye paka aliisajili, na akabadilisha anwani alipohama.

Vipimo vya damu vya virusi viwili vya paka, kile cha lukemia (saratani ya damu) na kile kinachofanana na UKIMWI wa binadamu: safi. Cha pili hakimwambukizi mtu, nilimuuliza mara mbili. Kinyesi kilikuwa na minyoo, na kwa sababu ya viroboto akatarajia na tegu: kiroboto hubeba kiluwiluwi chake, paka akijilamba anameza vyote. Dawa ya minyoo kwa mama, na ya watoto kwa kipimo cha uzito.

Nilitaka afungwe kizazi siku hiyohiyo. Akakataa: asubiri watoto waache kunyonya na maziwa yakauke. Halafu akaniambia nililokuwa silijui, kwamba paka anaweza kushika mimba huku ananyonyesha. Mimba yenyewe ni wiki tisa. Kwa hiyo mlango wa stoo haufunguliwi, hata akilia wimbo gani.

Siku ya 31

Sitaandika kila siku, watoto wanakimbia. Yule mdogo kawafikia wenzake kwa ukelele, si kwa uzito. Wanaanza chakula laini, wanatembea ndani yake. Nimebadilisha mchanga wa choo, maana unaogandamana ukilowa unaweza kuziba tumbo la mtoto anayeuonja, na hawa wanaonja kila kitu.

Kila siku anakuja mtu tofauti kuwashika kidogo. Kati ya wiki ya pili na ya saba hivi mtoto wa paka hujifunza kama binadamu ni rafiki au ni tishio. Mzee ndiye mwalimu mkuu. Anakuja jioni na kiti chake.

Siku ya 54

Chanjo ya kwanza ya watoto. Wawili wamevuka kilo moja. Zitafuata nyingine kila baada ya wiki tatu au nne, na ya kichaa cha mbwa wakifika miezi mitatu. Kuhusu mama, tumebandika picha kwa karibu miezi miwili, tumeuliza ofisi husika na kliniki zote za karibu, na hakuna aliyeutaja mguu wa kushoto. Sheria ya mnyama aliyeokotwa hutofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo niliuliza kwanza kabla ya kujiita mwenye paka.

Siku ya 62

Mgeni kafungwa kizazi. Kawekewa na chipu, namba imesajiliwa kwa simu yangu na ya nyumba ya tatu. Karudi na mshono mdogo tumboni na hasira kubwa usoni. Siku kumi ndani, asirukeruke, asilambe mshono.

Mzee kachukua madume wawili. Nyumba ya tatu wamemchukua yule mdogo, ambaye ni jike na sasa anaitwa Naibu.

Siku ya 75

Nimemfungulia mlango jana. Akapanda ukuta, akaenda bandani kwa mzee, akakagua, akatoka. Usiku hakulala kwangu.

Leo asubuhi karudi na karatasi shingoni, imefungwa kwa gundi, nafasi ya vidole viwili. Namba yangu wanayo tangu zamani, lakini wameandika: "Naibu ananyonya blanketi kila akitaka kulala. Ni ugonjwa?"

Nimegeuza karatasi, nimeandika "Hapana, muacheni tu, mradi asimeze nyuzi," na sasa nasubiri Bosi amalize kula ili nimfunge.